Amekwisha, hajakwisha: miaka ya mwisho ya Sachin Tendulkar uwanjani

Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 2012, Sachin Tendulkar, mpigaji wa kriketi wa India, aliingia kupiga mara tatu dhidi ya New Zealand, mara moja Hyderabad na mara mbili Bangalore. Mara ya kwanza Trent Boult alimwangushia vijiti akiwa na mikimbio 19. Mara ya pili ikawa Doug Bracewell, mikimbio 17. Mara ya tatu Tim Southee, mikimbio 27. Warushaji watatu tofauti, na mara zote mpira ulimpita ukagonga vijiti vilivyo nyuma yake.

Kwa asiyefuatilia kriketi, hilo linahitaji kufafanuliwa. Kazi ya kwanza kabisa ya mpigaji, kabla hata ya kutafuta mikimbio, yaani pointi za mchezo huu, ni kuvilinda vijiti vile vitatu. Mpigaji anaweza kutolewa kwa njia nyingi. Anaweza kudakwa kwa sababu amepiga kwa tamaa, au kwa sababu mdakaji amefanya muujiza, na bado akaondoka na sababu ya kujitetea. Lakini mpira ukipita katikati ya gongo na mguu ukavunja wiketi, yaani vijiti hivyo, hapo hakuna mtu mwingine wa kumtaja. Ni macho yake, miguu yake na mikono yake. Na huyu hakuwa mpigaji wa kawaida. Ni mtu ambaye kocha wake, Ramakant Achrekar, alikuwa akiweka sarafu ya rupia moja juu ya vijiti pale Shivaji Park, Bombay, ambayo sasa ni Mumbai. Mrushaji akimtoa kijana, sarafu ni yake. Kijana akimaliza mazoezi bila kutolewa, anaondoka nayo. Ulinzi wa vijiti ndio aliolelewa nao.

Alikuwa na miaka 39. Neno likaanza kuzunguka India nzima, na kwa sisi tunaofuatilia kutoka mbali pia: amekwisha.

Nataka kulifungua neno hilo, maana ndani yake mmefungwa maswali ambayo watu huyajibu kwa mpigo kana kwamba ni moja. Mwili wake bado unaweza? Timu bado inamhitaji? Akiendelea, atalichafua jina alilolijenga kwa zaidi ya miaka 20? Unaweza kujibu hapana kwa la kwanza na ndiyo kwa la pili. Unaweza kujibu hapana kwa yote mawili, na jina likabaki salama kabisa. Nilivyoliona mimi wakati ule, na ninavyoliona hadi leo, kilichowafanya watu washindwe kumsoma Tendulkar wa 2012 ni kwamba walikuwa wameshamzika mara moja hapo nyuma, akafufuka mbele ya macho yao.

Mazishi ya kwanza

Tuanze na hesabu moja, maana bila hiyo mazungumzo yote haya yanaelea. Ubora wa mpigaji hupimwa kwa wastani: chukua mikimbio yote aliyopata, gawanya kwa idadi ya mara alizotolewa. Katika mechi za Testi, zile zinazochezwa siku tano, mpigaji mwenye wastani wa 40 ni mchezaji mzuri wa kimataifa. Mwenye 50 ni miongoni mwa wakubwa wa enzi yake. Don Bradman wa Australia alimaliza na 99.94 na hajatokea wa kumkaribia. Tendulkar, kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya mchezo, alikuwa juu ya 55.

Alianza Karachi, Novemba 1989, akiwa na miaka 16, dhidi ya Pakistan. Kwa hiyo alipofika umri wa miaka 30 tayari alikuwa na zaidi ya miaka 13 ya kusimama mbele ya mipira ya kasi. Hili husahaulika. Umri wa mchezaji hauhesabiwi kwa tarehe ya kuzaliwa peke yake. Kuna umri wa viungo, na viungo vya Tendulkar vilianza kazi mapema mno. Alikuwa akitumia gongo zito, zaidi ya kilo moja na robo, na 2004 kiwiko cha kushoto kikaanza kulalamika. Mei 2005 akafanyiwa upasuaji. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya bega.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Gazeti moja kubwa la India likatoa kichwa cha habari "Endulkar", likiunganisha jina lake na neno la Kiingereza la mwisho. Machi 2006, dhidi ya Uingereza, alitolewa akiwa na mkimbio mmoja katika uwanja wa Wankhede, jijini kwao Mumbai, na sehemu ya mashabiki wakamzomea. Alizomewa nyumbani kwao. Mwaka uliofuata India ikatolewa mapema katika Kombe la Dunia huko Karibiani, na Ian Chappell, nahodha wa zamani wa Australia, akaandika kwamba umefika wakati Tendulkar ajitazame kwenye kioo na kujiuliza anaendelea kwa ajili ya nini.

Hoja ya Chappell haikuwa ya kijinga. Mpigaji aliyekuwa akiwashambulia warushaji alikuwa amegeuka mlinzi. Ila ndani ya geuko hilo kulikuwa na jambo ambalo wengi hawakulitazama kwa makini, na dalili yake ilikuwa imeonekana tangu Januari 2004 kule Sydney.

Inafaa tusimame Sydney kidogo. Katika mfululizo ule dhidi ya Australia, kabla ya mechi ya mwisho, Tendulkar alikuwa amepata 0, 1, 37, 0 na 44. Tatizo lilijulikana: alikuwa akiufuata mpira uliokuwa nje ya kijiti cha kulia ili aupige kwa lile pigo la kava, pigo zuri kuliko yote kwenye kriketi, goti la mbele limekunjwa na gongo likishuka wima na kuusukuma mpira upande wa kulia. Pigo alilolipenda ndilo lililokuwa linamuua. Basi akaamua kuliacha. Hakulipunguza, aliliacha kabisa. Alisimama Sydney kwa zaidi ya saa kumi, akakabili mipira 436, akapata mikimbio 241 bila kutolewa, na katika mipira yote hiyo hakupiga pigo la kava hata mara moja. Waaustralia walimtegea nje ya kijiti siku nzima na kesho yake, naye akaiacha mipira ipite, akangoja hadi wakachoka na kumrushia miguuni, hapo akawaadhibu upande wa kushoto.

Mara kwa mara huwa nairudia zamu ile, na kila nikiitazama naona mpishi aliyekatazwa chumvi akapika chakula kikaliwa hadi sufuria likakwanguliwa. Ilionyesha kwamba mtu huyu anaweza kujikata sehemu yake mwenyewe na bado akaishi. Ndivyo alivyofanya tena baada ya 2007.

Kiwiko kilipona, bega likapona. Gary Kirsten wa Afrika Kusini akawa kocha 2008, mtu mtulivu aliyekuwa tayari kumrushia mipira ya mazoezi kwa muda wote alioutaka mwenyewe. Tendulkar akapunguza mechi za siku moja, akachagua mapigo yake. Januari 2008 akapata senchuri mbili, yaani zamu za mikimbio 100 au zaidi, kule Australia, Sydney na Adelaide. Desemba mwaka huo, wiki chache baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Mumbai, India ilifukuzia mikimbio 387 Chennai dhidi ya Uingereza na ikashinda, naye akabaki uwanjani na 103. Februari 24, 2010, pale Gwalior, akawa mwanamume wa kwanza kufikisha mikimbio 200 katika mechi ya kimataifa ya siku moja. Mwaka 2010 peke yake alipata mikimbio 1,562 ya Testi, senchuri saba, wastani wa 78. Alikuwa na miaka 37.

Ni kweli kwamba senchuri mbili kati ya hizo saba alizipata kwa Bangladesh, timu iliyokuwa dhaifu wakati huo, na kwamba pembeni yake walikuwepo Sehwag, Gambhir, Dravid na Laxman, wapigaji waliowachosha warushaji kabla na baada yake. Hata hivyo mbili zilikuwa dhidi ya Afrika Kusini nyumbani na moja kule kwao Centurion, na Januari 2011 akafuatisha 146 Cape Town, mrushaji wao Dale Steyn akiuzungusha mpira kwa kasi ya kutisha. Nimeangalia mengi ya Tendulkar. Saa zile za Cape Town, akiupisha mpira kwa upana wa kidole na mpira unaofuata akiupeleka mpakani, naziweka juu kabisa.

Ile 146 ilikuwa senchuri yake ya 51 ya Testi. Hakupata nyingine.

Kutoka 99 hadi 100

Mtu aliyesikiliza maneno ya 2007 na kuacha kucheza asingeipata 2010. Tendulkar alilijua hilo. Wateuzi walilijua. Mashabiki waliomzomea walilijua na walikuwa na aibu nalo. Kwa hiyo kiwango kiliposhuka mara ya pili, kila mmoja alijizuia kusema. Aliyepona ugonjwa mkubwa mara moja akianza kukohoa tena, ndugu husema ni kikohozi tu, atapona kama alivyopona. Kupona kule kwa kwanza ndiko kulikoifumba macho familia.

Na kulikuwa na jambo jingine lililoongeza ukungu. Aprili 2, 2011 India ilitwaa Kombe la Dunia, Wankhede, na Tendulkar alikuwa mfungaji wa pili wa mikimbio katika mashindano yote, 482. Wachezaji wenzake walimbeba mabegani kuzunguka uwanja. Virat Kohli, kijana wa miaka 22 wakati ule, alisema kwamba mzee amelibeba taifa kwa miaka 21, sasa ni zamu yao kumbeba yeye. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba usiku ule ndio aliopaswa kuaga. Mimi siamini hivyo. Mtu aliyetoka kupata wastani wa 78 hana sababu ya kuondoka, na hakuna mchezaji duniani anayeacha akiwa juu ya mlima kwa sababu sisi watazamaji tunapenda picha nzuri.

Tatizo ni kwamba katika mashindano yale, Machi 12 pale Nagpur, alikuwa amepata senchuri ya 99 ukijumlisha za Testi na za siku moja. Ikabaki moja ifike 100, namba ambayo kriketi haikuwahi kuitarajia. Kuanzia hapo kila alipoingia uwanjani hakuingia peke yake. Katika ziara ya Uingereza mwaka huo India ilipigwa Testi nne kwa bila, na bado swali la kwanza kila asubuhi lilikuwa: je, leo ataipata? Pale The Oval alifika 91. Novemba, Wankhede, alifika 94, na Darren Sammy wa West Indies akamdaka kwenye slipu, mstari wa wadakaji nyuma ya mpigaji. Melbourne 73, Sydney 80. Australia nayo ikashinda nne kwa bila.

Ukizitazama namba hizo kwa jicho la haraka, zinadanganya. Mtu anayefika 91, 94 na 80 huonekana kama anayekosa bahati tu. Ukizitazama zote, picha inabadilika: wastani wa 34 Uingereza, wastani wa karibu 36 Australia. Zile zamu kubwa zilikuwa bado zinakuja, ila kati yake mashimo yalikuwa yameongezeka.

Senchuri ya 100 ilikuja Machi 16, 2012, mwaka mmoja na siku nne baada ya ile ya 99, katika mechi ya siku moja dhidi ya Bangladesh kule Mirpur. Ilimchukua mipira 138 kufika mia, mwendo wa taratibu kwake katika mchezo wa aina hiyo. Hakurukaruka. Alivua helmeti, akatazama juu. Jioni Bangladesh ikazifukuzia zile 289 za India na kushinda kwa wiketi tano. Niliumia siku ile. Niliifurahia rekodi, na nikaumia kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona waziwazi kwamba haja ya Tendulkar na haja ya timu yake zimeachana njia uwanjani. Kwa miaka 20 zilikuwa kitu kimoja: akifunga, India inapumua.

Nusu sekunde

Sasa turudi kwenye mwili, maana hapa ndipo jibu lenyewe lilipo.

Mpira unaorushwa kwa kasi ya kilomita 140 kwa saa humfikia mpigaji ndani ya takriban nusu sekunde. Katika muda huo jicho linapaswa kuuona ukitoka mkononi, akili ikisie utadunda wapi, mguu uamue mbele au nyuma, ndipo mikono ifuate. Mpigaji mkubwa haonekani kuwa na haraka kwa sababu anasoma mapema: bega la mrushaji, kifundo cha mkono, namna mshono wa mpira ulivyoshikwa. Ujuzi huo hauzeeki, unaongezeka. Ndiyo maana mpigaji wa miaka 37 anaweza kuwa bora kuliko alivyokuwa akiwa na 27, na ndiyo maana Jack Hobbs wa Uingereza alipata senchuri ya Testi akiwa na miaka 46, mwaka 1929.

Kinachozeeka ni mguu. Mguu wa mbele unachelewa, au unafika nusu ya safari. Mpigaji haujui ucheleweshaji huo, kwa maana akili yake imeuona mpira vilevile na imetoa amri ileile. Gongo linashuka mahali sahihi, mguu haujafika, na kati yake unabaki mlango. Mpira unaozunguka kidogo unaingia mlangoni humo. Ndicho walichokifanya Boult, Bracewell na Southee. Na mguu ukinaswa katikati ya njia, mwamuzi anainua kidole kumtoa: mguu umekinga mpira uliokuwa ukielekea vijitini.

Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama mpigaji mzee amekwisha, asihesabu amepata mikimbio mingapi, aangalie ametolewaje. Tendulkar wa 2006 alikuwa na kiwiko kibovu, na kiwiko hutibika. Tendulkar wa 2012 alikuwa anapoteza wakati, na wakati hauna daktari. Mwezi Novemba wa mwaka huo Uingereza ikaja. Mumbai, Monty Panesar alimwangushia vijiti zamu ya kwanza na kumnasa mguuni zamu ya pili, mikimbio 8 mara zote mbili. Nagpur, James Anderson akaviangusha tena, mikimbio 2. Katika mfululizo mzima alipata 112 kwa zamu sita, wastani usiofika 19, na kati ya hizo 76 zilitoka katika zamu moja ya Kolkata. Uingereza ikashinda mfululizo nchini India, jambo ambalo halikutokea tangu 1984–85.

Rahul Dravid alikuwa ameisoma dalili hii kwake mwenyewe. 2011 alipata senchuri tatu katika ziara ileile ya Uingereza iliyowavunja wenzake, akiwa mzee kuliko Tendulkar kwa miezi mitatu. Miezi michache baadaye, Australia, aliangushiwa vijiti mara sita katika zamu nane. Mtu aliyeitwa Ukuta. Machi 2012 akaaga. V.V.S. Laxman akaaga Agosti akiwa ameshateuliwa kwa mfululizo wa New Zealand. Tendulkar akabaki, na Desemba akaacha mechi za siku moja tu. Miaka kadhaa baadaye Sandeep Patil, aliyekuwa mwenyekiti wa wateuzi, alisema hadharani kwamba kama asingeacha mwenyewe mechi hizo, wangemwacha wao.

Lakini kwenye Testi hawakumgusa. Na wakati huo Ajinkya Rahane, aliyeitwa kikosini tangu Novemba 2011, alikaa benchi zaidi ya mwaka mzima akipeleka maji na glavu, hadi Machi 2013 alipopata Testi yake ya kwanza Delhi. Hapa ndipo ninapomlaumu, au niseme ninapoulaumu mfumo uliomzunguka. Heshima kwa mkubwa ni jambo jema, ila nafasi sita za wapigaji hazina kiti cha wageni. Kwa hesabu yangu, baada ya Australia Januari 2012 alipaswa kufuatana na Dravid mlangoni. Alibaki karibu miaka miwili zaidi.

Wenzetu wa Kenya wanalijua jambo hili kwa upande wake mwingine. Steve Tikolo alianza siku moja na timu yake, Cuttack, Februari 18, 1996, katika mechi ya kwanza kabisa ya kimataifa ya siku moja ya Kenya, ambayo Tendulkar aliipigia senchuri. Alikuwa nahodha walipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 na kukutana na India hiyohiyo Durban. Akaaga baada ya Kombe la 2011, Kenya ikiwa imepoteza mechi zake zote sita. Miaka mitatu haijaisha, akaitwa arudi. Alivaa tena jezi akiwa na miaka 42. Hakuna aliyemwambia Tikolo anamzibia kijana njia, kwa sababu nyuma yake njia ilikuwa tupu: ligi imedhoofika, viongozi wamegombana, fedha hazipo. Swali la timu inamhitaji au haimhitaji halijibiwi kwa kumtazama mchezaji peke yake. Mtazame na anayesubiri.

Kinachobaki

Oktoba 10, 2013 Tendulkar alitangaza kwamba Testi ya 200 itakuwa ya mwisho. Bodi ya India ikawaita West Indies haraka, ikapatikana Kolkata kwa ya 199 na Wankhede kwa ya 200, huku ziara ya Afrika Kusini ikifupishwa hadi Testi mbili. Sikulipenda hilo, kalenda ya mchezo kukunjwa kwa ajili ya mtu mmoja, hata mtu huyu.

Ila kabla ya hapo kuna mechi ambayo wengi hawaizungumzii. Mwisho wa Oktoba Mumbai ilikwenda kucheza na Haryana katika kombe la Ranji, mashindano ya ndani ya India, pale Lahli, uwanja mdogo wa mashambani wenye majani yanayowasaidia warushaji. Tendulkar, miezi sita baada ya kutimiza 40, alibaki uwanjani na mikimbio 79 hadi Mumbai ikavuka na kushinda. Hakuna rekodi iliyokuwa inasubiriwa pale. Kulikuwa na lengo la mikimbio, na mzee akaifanya kazi.

Wankhede alipata 74 kabla ya Deonarine kumdakisha kwa Sammy, mtu yuleyule wa 94. Mama yake, Rajni, alikuwa uwanjani kumtazama akicheza kwa mara ya kwanza maishani. Katika hotuba ya kuaga alimtaja baba yake kwanza, marehemu Ramesh, mwalimu na mwandishi wa Kimarathi. Wakenya wana sababu ya kumkumbuka baba huyo: alifariki Mei 1999 katikati ya Kombe la Dunia, mwana akarudi Mumbai kuzika, akapanda ndege tena, na siku chache baadaye pale Bristol akaipiga Kenya mikimbio 140 bila kutolewa. Alimtaja pia Achrekar, akasema kwamba katika miaka yote ile mwalimu hakuwahi kumwambia amecheza vizuri, asije akabweteka. Baada ya hotuba alitembea peke yake hadi katikati, akainama, akaigusa ardhi ya uwanja.

Je, miaka ile ya mwisho ililichafua jina? Hesabu ipo. Baada ya Cape Town wastani wake ulikuwa 56.94. Alipoondoka ulikuwa 53.78. Testi 23 za mwisho zilimpa mikimbio 1,229 bila senchuri, wastani wa takriban 32. Gharama yote ni pointi tatu na kitu. Siku ile ile aliyoaga, serikali ilitangaza kumpa Bharat Ratna, nishani kubwa kuliko zote nchini India, mwanamichezo wa kwanza kuipata. Mikimbio 15,921 ya Testi na senchuri 100 zimesimama pale pale. Wengi waliokuwa wakitetemeka kwamba anajiharibia walikuwa wakichanganya jina na kiwango. Jina lilikuwa limeshajengwa hadi paa. Aliyelipa deni la miaka ile ni Rahane aliyekuwa benchi.

Tendulkar alipotolewa kwa mara ile ya mwisho na kuanza kupanda ngazi, aliyeingia kuchukua nafasi yake uwanjani alikuwa Virat Kohli. Novemba 15, 2023, katika uwanja uleule wa Wankhede, Kohli alipata senchuri ya 50 ya mechi za siku moja, moja zaidi ya 49 za Tendulkar, akamwinamia mzee aliyekuwa amekaa jukwaani. Wakati huo wastani wake wa Testi, uliowahi kufika 55, ulikuwa umeshaanza kuteremka. Mwishoni mwa 2024 alikwenda Australia, akapata senchuri Perth, kisha zamu baada ya zamu akaufuata mpira uleule wa nje ya kijiti na kudakwa nyuma, kana kwamba Sydney ya 2004 haikuwahi kutokea. Mei 12, 2025, akiwa na miaka 36 na wastani wa 46.85, akaandika kwamba ameachana na Testi. Mara hiyo hiyo wakaanza kujitokeza watu wa kusema kwamba ameondoka mapema, kwamba angefufuka kama Tendulkar.